Meza Zinafuata Maji

Mwaka huu tumehamisha meza mara tatu.
Maji ya Mtera yakirudi nyuma, nasi twayafuata:
baba kashika kichwani, Chitema miguuni,
kama wanaobeba mgonjwa asiyetaka kwenda.
Mimi nyuma yao na viti, na kibao
tulichokiandika kwa rangi iliyobaki ya geti la shule:
SAMAKI UGALI MLENDA KARIBU NYUMBANI.
"Nyumbani" ilikosa nafasi,
herufi za mwisho zimebanana pembeni
kama watoto kwenye kitanda kimoja.

Hatuuzi chipsi.
Dereva wa lori la vitunguu aliuliza, akaambiwa,
akauliza tena kwa sauti ya mtu mwenye pesa.
Mama hakugeuka. Alikuwa anasonga uwele,
na uwele ukiuacha kidogo tu
unakulipa madonge.
"Kaa," mgongo wake ukamjibu. "Kula kwanza, ndipo ugombe."
Akala. Perege mzima, na mlenda wa kukausha
uliochemka na magadi,
ukivutika kutoka bakuli hadi kidevuni
kama maelezo ya mtu anayedaiwa.
Akaomba tonge jingine.
Radhi hakuomba,
ila tulikuta nusu debe ya vitunguu mlangoni.

Shangazi Talama husaga karanga kafumba macho.
Anasema jiwe linajua njia.
Chumvi yetu ni ya Bahi, ya kijivu;
ukiionja peke yake ina udongo kwa mbali,
jambo ambalo hatulisemi mbele ya wageni.

Madeni baba huyaandika kwa chaki nyuma ya mlango.
Mdaiwa mkubwa ni Malogo wa bwawani,
ambaye kazi yake ni kusoma kina kwenye nguzo.
Huja saa nane, hula na kofia yake ngumu kichwani,
hututajia mita na sentimita kwa sauti ya chini
kama anayetoa majibu ya hospitali.
Maji yakishuka, deni lake hupanda.
Baba hamdai.
"Kwani yeye ndiye aliyeyanywa?"

Oktoba maji yakakimbia mbali mno,
hata kibao hakikuonekana tena kutoka barabarani.
Tukashuka na meza juu ya matope yaliyopasuka,
na hapo Chitema akajikwaa.

Mawe matatu. Meusi upande wa ndani.

Shangazi akafumbua macho.
"Hayo mafiga ya mama."
Akaanza kuonyesha kwa kidole, haraka haraka,
kama atakayenyang'anywa:
hapa kinu, pale zizi la mbuzi,
hapo uliposimama, Chitema, ndipo alipozaliwa baba yako,
sogea.
Miaka arobaini samaki wamelala jikoni kwa bibi,
nasi tukiwavua, tukiwapara, tukiwauza,
bila kujua tunatoka nao nyumba moja.

Mama hakulia. Mama aliuliza kuni.
Tulipika palepale. Mawe yalifoka moshi wa tope,
moja lililegea, sufuria ikainama,
ugali ukatoka mbichi upande mmoja.
Niseme kweli: ulikuwa ugali mbaya.
Wateja wawili waliondoka.
Shangazi aliula hadi ukoko,
akakwangua, akalamba mwiko,
akasema, "Ulikuwa hivihivi."

Chitema alitaka tuyapandishe mafiga juu, kwenye kibanda.
Alishalikumbatia la kwanza.
"Liache," shangazi akasema. "Utamwachia mwenyewe mawili apikie nini?"

Mvua zilikuja Januari, zimechelewa, zimekasirika.
Jana Malogo kaingia, maji yakimchuruzika kofiani.
Hakutaja nguzo.
"Mita moja na sitini," alisema, "juu ya mafiga."
Akamtazama shangazi, akaketi.

Baba akachukua chaki, akaenda nyuma ya mlango.
Nilidhani anafuta deni.
Hakufuta. Chini yake aliiandika namba ile,
akapuliza vumbi la vidole.

Kesho tunapandisha meza.